"Ina kipande kimoja tu kinachozunguka"

Mtu akija kwangu na michoro ya KJ-66, ile injini ndogo ya jeti ya ndege za modeli, kwapani, huwa naingoja ile sentensi, nayo haikawii. "Fundi, hii mbona rahisi kuliko injini ya pistoni? Ina kipande kimoja tu kinachozunguka." Mara nyingi msemaji huyo amenunua mashine ya kukereza juzijuzi, na kazi yake kubwa mpaka sasa ni mpini wa nyundo.

Kipande ni kimoja, sikatai. Gurudumu la kompresa linalobana hewa mbele, la tabaini linalozungushwa na gesi ya moto nyuma, shafti katikati, beringi mbili. Lakini tangu lini ugumu wa kazi ukapimwa kwa kuhesabu vipande? Injini ya pistoni ina huruma. Silinda ikipwaya itavuja, itakohoa, itakosa nguvu. Utaifungua, utarekebisha, utajaribu tena kesho. Gurudumu la kompresa la KJ-66 lina kipenyo cha milimita 66 na hufika mizunguko 110,000 na zaidi kwa dakika. Hapo ukingo wake unakwenda mita 380 kwa sekunde, umeshaipita sauti, na gramu moja ya alumini ukingoni inavuta kutoka nje kama mzigo wa zaidi ya kilo 400. Gramu moja!

Sasa tuje kwenye ile sehemu ya mia ya milimita ambayo kila anayeanza hujivunia. Uzito wa rota, yaani shafti na magurudumu yake, ukikaa milimita 0.01 nje ya mhimili, kila gramu 100 za rota zinazipiga beringi kwa nguvu ya kilo 13 hivi, na pigo hilo linauzunguka mhimili zaidi ya mara 1,800 kwa sekunde. Geji ya sehemu ya mia ya milimita inaonyesha mshale umetulia, wewe unafurahi, beringi inakufa. Ndiyo maana rota hii haimaliziki kwenye mashine ya kukereza, inamalizikia kwenye balansi. Na simaanishi kuilaza juu ya visu viwili na kuangalia upande gani unashuka. Kompresa ikizidi uzito juu na tabaini ikazidi chini, kwenye visu rota itatulia kama maji mtungini, lakini ikizunguka itayumba ncha kwa ncha. Lazima ibalansiwe ikiwa inazunguka, kila ncha ipimwe peke yake, kisha kila kipande kiwekewe alama ili ukifungua ukirudishe pale pale. Wanaoziruka alama hizo hunirudia wakidai beringi zilikuwa feki.

Nina sharti moja ambalo sibishani nalo: vikalio vyote viwili vya beringi, pale zinapokaa, vichongwe bila kukifungua kipande kwenye taya za mashine. Ukikigeuza katikati ya kazi, beringi mbili hazitatazamana tena, na hakuna balansi itakayokuokoa. Shafti nayo ikerezwe kati ya senta mbili, zile ncha za mashine zinazoishika huku na huku, iwe nene katikati kama michoro inavyosema. Usiipunguze eti iwe nyepesi, kwa maana shafti nyembamba itapinda kabla hujafika kasi ya kazi.

Hapo ndipo ninapojibiwa, "Mbona Schreckling alitumia mbao?" Ni kweli. Kurt Schreckling, Mjerumani, aliwahi kutengeneza kompresa ya plaiwudi iliyofungwa kwa nyuzi za kaboni, na tabaini aliikata kwenye bati la chuma kinachostahimili joto, akazipinda bapa zake kwa mkono. Ila alijua hesabu yake, na injini yake aliizungusha taratibu kuliko hizi za leo. Anayemtaja huwa ameikumbuka mbao na kuisahau hesabu.

Mengine sina haja ya kuyakalia.

"Ni ndogo, hatari yake ndogo." Kinyume chake. Shinikizo la hewa linatokana na kasi ya ukingo, kwa hiyo gurudumu likipungua, mizunguko huongezeka. Usisimame ubavuni mkabala na magurudumu, hata kwa sekunde ya kupiga picha.

"Tabaini nitachonga ya alumini." Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na hulegea mapema kabla ya hapo. Nunua gurudumu la Inconel, aloi ya nikeli inayostahimili joto, lililokwisha kumiminwa, kisha likaguliwe.

"Moto mrefu nyuma ndio nguvu." Moto nyuma maana yake mafuta hayakumaliza kuungua kwenye chemba ya kuunguzia, yanaungulia kwenye tabaini. Injini iliyo salama, ikishawaka vizuri, haionyeshi moto nyuma.

"Mafuta ya taa matupu yanatosha." Yanatosha kuwaka. Beringi ndizo hufa njaa. Michoro mingi ya aina hii huagiza oili ya tabaini asilimia 4 au 5 ndani ya mafuta, na sehemu ya mchanganyiko huo hupelekwa kwenye beringi.

Mwanzo ninaomshauri kila mtu, na ambao karibu kila mtu anaukataa kwa sababu hauna sura ya jeti, ni tabo ya lori iliyo nzima, ile inayosukuma hewa kwenye injini yake, maana nayo ina kompresa na tabaini kwenye shafti moja. Kiwandani walishaibalansi. Wewe unabaki na chemba ya kuunguzia, bomba, nozeli ya mafuta na pampu ya oili, yaani kazi ya kukata na kuchomelea ambayo ukiikosea unairudia. Ni nzito, haitarusha ndege yoyote, lakini itawaka na kujizungusha yenyewe. Huku ikinguruma, endelea kukereza shafti za mazoezi. Ya tano au ya sita niletee tuipime.