Mixa za tanki kubwa la mafuta ghafi: usianze na kilowati

Swali ninaloulizwa sana ni "tanki la kipenyo cha mita 80 linataka mixa ya kilowati ngapi?" na mi huwa narudisha swali, hiyo mixa (propela inayoingia kupitia ubavu wa tanki, mota ikiwa nje) unataka ikufanyie kazi gani? Maana kuzuia tope lisitue chini ni kazi moja, kuchanganya mafuta ya aina mbili ni nyingine, na kuyeyusha nta na tope lililokaa humo miaka ndo balaa lenyewe, hiyo inakula nguvu kuliko zote.

Tanki hilo mafuta yakifika mita 16 ni kama mita za ujazo 80,000, karibu mapipa laki tano. Huwezi kuukoroga mzigo huo wote kama uji, unachofanya ni kurusha mkondo utambae sakafuni mpaka ukuta wa pili, kwa hiyo mi naangalia kwanza msukumo wa propela, mota baadaye. Nguvu inapanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo cha propela, yaani ongeza kipenyo 10% bila kugusa spidi uone, nguvu inaruka kama 61%. Lakini weka propela kubwa halafu shusha spidi kwa gia, nguvu ni ileile na msukumo unaongezeka. Kwa hiyo ofa mbili zenye kilowati sawa si lazima ziwe sawa, na muuzaji asiyetaka kukupa namba ya msukumo mi simsikilizi sana.

Halafu pembe. Mixa isiyogeuka inasafisha njia yake tu, pembeni tope linajijengea vilima taratibu. Kwa mafuta ghafi chukua inayogeuka, nyuzi 30 kushoto na 30 kulia, tena igeuke yenyewe, hizi za kugeuza kwa mkono baada ya muda kila mtu anazisahau. Zikiwa mbili tatu zipange upande mmoja zisaidiane, ukizizungushia tanki lote mikondo inapigana.

Mota isiyoweza kulipua gesi sihitaji kueleza. Swichi ya levo je? Mafuta yakishuka karibu na propela inaanza kuvuta hewa, shafti inatetemeka na sili (kizuizi cha mafuta yasivuje kwenye shafti) inakufa, na kama paa ni la kuelea, yaani linashuka pamoja na mafuta, ndo usicheze kabisa, mota izime yenyewe mapema. Na hakikisha shafti ina kifaa cha kuziba tundu kwa ndani, la sivyo siku sili ikivuja itabidi ushushe mapipa yote hayo kwa ajili ya kubadilisha kitu kinachobebwa mkononi.