Jicho la kompyuta limezibwa, sikio je?

Katika nyumba zetu za Unguja na Pemba mgeni hupiga hodi na kungoja aitikiwe, ili waliomo ndani wapate kujisitiri. Kompyuta mpakato iliyoachwa wazi juu ya kitanda haipigi hodi, na baadhi ya yale tunayoyaamini juu yake yanatuacha bila sitara.

Wengi huamini kwamba taa ndogo ya kamera ikiwa haiwaki, basi kamera haioni. Imani hiyo haikosi msingi, kwa sababu katika kompyuta nyingi za sasa taa huwaka pamoja na kamera yenyewe. Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionesha kwamba kamera za MacBook na iMac, kompyuta za kampuni ya Apple, zilizotengenezwa kabla ya 2008 zingeweza kupiga picha bila taa kuwaka, kwa kubadilisha programu ndogo iliyomo ndani ya kamera. Jambo hili linatuhusu, kwani kompyuta nyingi tunazonunua zimekwishatumika ng'ambo miaka kadhaa.

Wengine husema kwamba mtu asiye na cheo hana wa kumchungulia. Mwaka 2010, huko Pennsylvania, Marekani, ilibainika kwamba kompyuta walizopewa wanafunzi wa skuli za wilaya ya Lower Merion zilikuwa zikiwapiga picha wakiwa majumbani mwao, kupitia programu iliyowekwa ili kutafuta kompyuta zilizopotea. Wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Waliopigwa picha walikuwa watoto tu.

Dhana inayonishughulisha zaidi ni ya kwamba kipande cha selotepu kinatosha. Kwa kamera, kikiwa cheusi, kinatosha kweli, tena hakuna programu inayoweza kukibandua. Lakini maikrofoni haizibiki hivyo. Nilibandika selotepu nyeusi, mikunjo miwili, juu ya kamera na juu ya kitundu cha maikrofoni ya kompyuta yangu, nikarekodi nikiwa ukumbini. Picha ilikuwa giza tupu, ilhali sauti ya mama akimwambia mdogo wangu afunge mlango wa uani ilisikika neno kwa neno, ikiwa imefifia kidogo tu. Yanayozungumzwa nyumbani, ya ndoa, ya maradhi na ya madeni, hayahitaji picha ili yamdhuru mtu.

Kwa hiyo maikrofoni hufungwa kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kwa kuzinyima ruhusa programu zisizoihitaji. Kompyuta mpakato za Apple zenye chipu ya usalama iitwayo T2, zilizoanza kutoka mwaka 2018, hukata maikrofoni moja kwa moja kifuniko kinapofungwa. Nyingi nyingine hazina kinga hiyo. Tena, kizibo cha kamera kisiwe kinene: mwaka 2020 Apple ilionya kwamba kufunga MacBook yenye kizibo kunaweza kuvunja kioo.

Wapo pia wanaodhani kwamba mdukuzi ni lazima awe fundi mkubwa aliye mbali. Mara nyingi mlango tunaufungua wenyewe, kwa programu iliyonakiliwa bila leseni na kuletwa kwenye flashi, au kwa programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali ambayo fundi aliiweka wakati wa matengenezo na hakuiondoa. Kabla ya kuichukua kompyuta dukani, mwombe fundi afungue orodha ya programu mbele yako, na kila aliyoiweka kwa kazi yake aifute ukiwa umesimama hapo.