Thamani, kazi na sweta ya shule: dhana potofu kuhusu nadharia ya Marx

Kwenye vikao vya wafanyakazi Nakuru, kwenye mabunge ya mwananchi Kisumu, na miongoni mwa wanafunzi wa Maseno na Egerton, nadharia ya thamani itokanayo na kazi, yaani kwamba thamani ya bidhaa hutokana na kazi inayohitajika kuitengeneza, hutajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Anayeitetea na anayeipinga hugombania jambo ambalo Karl Marx hakuliandika. Dhana zifuatazo ndizo zinazosikika zaidi. Baadhi zinajibika kwa maneno machache, nyingine haziwezi kueleweka bila hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Dhana: Marx ndiye aliyeibuni nadharia hii

Aliikuta. William Petty aliandika katika karne ya 17 kwamba kazi ni baba wa utajiri na ardhi ni mama yake. Adam Smith mwaka 1776, kisha David Ricardo mwaka 1817, walieleza thamani ya bidhaa kwa kazi iliyotumika kuitengeneza, na wote wawili waliutetea uchumi wa soko. Juzuu ya kwanza ya *Das Kapital*, kitabu kikuu cha Marx, ilitoka mwaka 1867. Ya pili (1885) na ya tatu (1894) ziliandaliwa na Friedrich Engels baada ya Marx kufariki mwaka 1883. Mchango mkubwa wa Marx mwenyewe ni kutenganisha kazi na nguvu-kazi. Tutaufikia hapa chini, kwa sababu asiyeushika huo hashiki chochote.

Dhana: Anayefanya kazi polepole hutengeneza kitu chenye thamani zaidi

Pingamizi hili hutolewa kama kwamba linamaliza mjadala. Marx alilijibu katika kurasa za mwanzo kabisa. Thamani haipimwi kwa saa alizotumia fundi fulani. Inapimwa kwa muda wa kazi unaohitajika kijamii, yaani muda unaohitajika kutengeneza bidhaa hiyo kwa zana zilizo za kawaida wakati huo, kwa ustadi wa wastani na kasi ya wastani.

Tuseme karakana nyingi za Nakuru zinatumia mashine za kufuma, na sweta moja ya shule huchukua saa mbili. Fundi anayeifuma kwa sindano za mkono kwa saa ishirini hajaiongezea sweta yake thamani mara kumi. Soko litamhesabia saa mbili, na zile kumi na nane ni hasara yake. Mfano wa Marx ulitoka Uingereza: vitanda vya kufumia vya nguvu za mvuke vilipoingia, kazi ya kugeuza uzi kuwa kitambaa ilipungua kwa karibu nusu. Mfumaji wa mkono aliendelea kutumia saa zile zile, lakini saa yake moja sasa ilihesabiwa kuwa nusu saa.

Sharti la pili ni kwamba kitu lazima kiwe na matumizi kwa mtu mwingine. Karakana ikifuma sweta mia tano za kijani na shule ikawa imebadilisha sare kuwa ya buluu, kazi hiyo haihesabiki, hata kama ilifanywa kwa haraka na kwa ustadi.

Dhana: Thamani ni jina lingine la bei

Bei ni kiasi cha pesa kinacholipwa leo sokoni. Thamani ndicho kitovu ambacho bei hukizunguka, ikipanda na kushuka kwa nguvu ya wanunuzi na wauzaji. Marx hakukana ugavi na mahitaji. Swali lake lilikuwa jingine: ugavi na mahitaji yakilingana, kwa nini bei itulie hapo na si penginepo?

Omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, inaonyesha jambo hili vizuri, na pia inaonyesha mtego unaowanasa hata wasomaji makini. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro taa huwavuta samaki, na mwezi ukiwa mpevu hazivuti vizuri. Gorogoro moja (mkebe wa kupimia) ya omena ikipanda bei katika soko la Kibuye, Kisumu, wakati wa mbalamwezi, wengi husema: unaona, ni uhaba tu, kazi haihusiki. Lakini angalia kilichotokea majini. Mtumbwi ni ule ule, wavuvi ni wale wale, usiku ni mzima, na omena waliorudi nao ni nusu. Kazi ile ile imeangukia gorogoro chache, hivyo kila gorogoro sasa imebeba kazi mara mbili. Marx alitoa mfano wa aina hii hii: kazi sawa huzaa vipimo vinane vya nafaka msimu ukiwa mwema, na vinne msimu ukiwa mbaya. Kwa hivyo hapo thamani yenyewe imepanda, pamoja na bei.

Sasa chukua hali tofauti. Uvuvi ni mzuri kama kawaida, lakini malori ya wanunuzi kutoka Nairobi yamefika ufukwe wa Usenge yote kwa siku moja. Bei itaruka ingawa kazi katika kila gorogoro haijabadilika. Huku ndiko kupotoka kwa bei kutoka kwa thamani. Bei hiyo ikidumu, mitumbwi zaidi itaingia ziwani, omena itaongezeka, na bei itarudi chini. Soko hugawa kazi ya jamii kati ya shughuli mbalimbali kwa njia hiyo, na hilo ndilo Marx alilotaka kueleza.

Dhana: Faida hutokana na mwajiri kumpunja mfanyakazi au kumlangua mteja

Wako waajiri wanaopunja, na sheria za kazi zipo kwa ajili yao. Ila nadharia ya Marx ni nzito zaidi ya hapo. Yeye alianza kwa kudhani kwamba kila kitu kimeuzwa kwa thamani yake kamili, nguvu-kazi ikiwemo, kisha akauliza faida ilitoka wapi.

Mwajiri hanunui kazi. Ananunua nguvu-kazi, yaani uwezo wa mtu kufanya kazi kwa siku moja. Thamani ya uwezo huo hupimwa kama ya bidhaa nyingine: kazi iliyomo katika vitu vinavyomrudisha mfanyakazi kesho akiwa na nguvu, yaani unga, kodi ya nyumba, nauli, karo ya watoto na gharama ya kujifunza ufundi. Marx aliongeza kwamba kiwango hicho hutegemea pia historia na desturi za mahali. Kwa hivyo hakipo kwenye ukingo wa njaa peke yake, kama wanavyodai wengine.

Turudi kwenye sweta. Namba hizi ni za kufundishia tu. Saa moja ya kazi ya wastani huongeza thamani ya Sh 150. Siku ina saa 8, na fundi hutoa sweta 4. Kila sweta hula nyuzi za Sh 300, na uchakavu wa mashine pamoja na umeme ni Sh 20. Mshahara wa siku ni Sh 700.

Nyuzi, mashine na umeme: 4 × 320 = Sh 1,280.
Thamani mpya: 8 × 150 = Sh 1,200.
Jumla: Sh 2,480, yaani Sh 620 kwa sweta.

Mteja amelipa Sh 620 na hakulanguliwa. Fundi amelipwa Sh 700, thamani kamili ya nguvu-kazi yake. Mwajiri ametumia Sh 1,980 na amebaki na Sh 500. Hiyo ndiyo thamani ya ziada. Kwa saa, fundi alirudisha mshahara wake ndani ya saa 4 na dakika 40, na saa 3 na dakika 20 zilizobaki alimfanyia mwenye karakana. Kiwango cha thamani ya ziada ni 500 kwa 700, karibu asilimia 71. Kiwango cha faida ni 500 kwa 1,980, karibu asilimia 25. Viwango hivi viwili huchanganywa kila siku. Cha kwanza hulinganisha ziada na mshahara, cha pili huilinganisha na mtaji wote uliotumika.

Siku ikirefushwa hadi saa 10 kwa mshahara ule ule, thamani mpya inakuwa Sh 1,500 na ziada Sh 800. Ndiyo maana Marx alitoa sura ndefu kuhusu vita vya urefu wa siku ya kazi, pamoja na sheria ya Uingereza ya mwaka 1847 iliyoweka ukomo wa saa kumi kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo.

Dhana: Mashine ndizo zinazozaa faida

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwenye karakana huiona faida ya mashine kwa macho yake. Marx hakumwita mwongo.

Tuseme mmoja ananunua mashine mpya inayotoa sweta 8 kwa siku. Nyuzi ni Sh 300, uchakavu na umeme vimepanda hadi Sh 40 kwa sweta. Wenzake wote bado wanatoa 4, kwa hivyo sweta sokoni bado ni Sh 620. Yeye anauza kwa Sh 580 na kuwavuta wateja. Anapata Sh 4,640. Gharama ni Sh 2,400 za nyuzi, Sh 320 za mashine na Sh 700 za mshahara, jumla Sh 3,420. Faida ya siku imeruka hadi Sh 1,220.

Kisha wenzake nao wananunua. Sasa muda unaohitajika kijamii kwa sweta ni saa moja, na thamani yake ni 340 + 150 = Sh 490. Sweta 8 zinaleta Sh 3,920. Toa Sh 3,420. Inabaki Sh 500 ile ile ya mwanzo. Mashine imepitisha uchakavu wake kwenye sweta kidogo kidogo, na haikuongeza zaidi ya hapo. Faida ya ziada aliyoiona yule wa kwanza ilitoka kwenye pengo kati yake na wenzake, na pengo likizibwa nayo inatoweka.

Aliyebaki na mashine ya zamani ana habari mbaya zaidi. Sweta zake 4 zinamletea Sh 1,960, na gharama zake bado ni Sh 1,980. Anapoteza Sh 20 kila siku bila kuzembea hata dakika moja. Mafundi wengi waliofunga vibanda vyao hujilaumu kwa uvivu ambao hawakuwa nao.

Dhana: Marx alisema utajiri wote hutoka kwa kazi

Alisema kinyume. Mwaka 1875, akikosoa programu ya chama cha wafanyakazi wa Ujerumani iliyoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa Gotha, aliandika kwamba kazi si chanzo cha utajiri wote, na kwamba maumbile nayo ni chanzo cha vitu vyenye matumizi. Ziwa, mvua na udongo wa Muhoroni unaozaa miwa ni utajiri. Thamani, kwa maana yake, ni uhusiano kati ya watu wanaobadilishana kazi zao kupitia bidhaa. Ndiyo maana kiwanja kitupu kinaweza kuwa na bei kubwa bila kuwa na thamani: bei yake ni haki ya kudai kodi itakayolipwa kutoka kwa ziada iliyozalishwa kwingine.

Dhana: Ni kazi ya mikono tu inayohesabika, na biashara yote ni unyonyaji

Mhandisi anayeunda mashine anahesabika, na kazi ya kisomi huhesabiwa kama kazi ya kawaida iliyozidishwa. Kuhusu biashara, juzuu ya pili inatofautisha. Kuanika omena, kuipepeta na kuisafirisha kutoka ufukweni hadi sokoni huongeza thamani, kwa kuwa omena iliyo Usenge haiwezi kuliwa Nakuru. Kubadilisha mwenye mali peke yake, gunia likiwa limesimama pale pale, hakuongezi. Faida ya dalali wa namna hiyo ni mgao wa thamani iliyokwisha kutengenezwa. Na mama anayeuza omena yake mwenyewe bila kuajiri mtu si bepari kwa kuwa tu ana mtaji wa kununulia magunia matatu.

Dhana: Kwa hivyo kila mfanyakazi apewe yote aliyozalisha

Katika uhakiki ule ule wa 1875 Marx alilikataa dai hili. Hata katika jamii isiyo na mabepari, alisema, lazima kwanza zitolewe gharama za kubadilisha zana zilizochakaa, za kupanua uzalishaji, na akiba ya majanga. Baada ya hapo kuna utawala, shule, afya, na watu wasioweza kufanya kazi.

Dhana: Nadharia ilishavunjwa zamani, au haijawahi kujibiwa

Yote mawili si kweli. Tangu vitabu vya wanauchumi Jevons na Menger vya mwaka 1871, wanauchumi wengi wa vyuo vikuu hueleza bei kwa njia nyingine, kwa kutazama manufaa anayoyapata mnunuzi kutoka kwa kipimo cha mwisho cha bidhaa anachoongeza. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Eugen von Böhm-Bawerk mwaka 1896. Kiwanda cha sukari kina mashine nyingi na wafanyakazi wachache kwa kila shilingi ya mtaji, na karakana ya sweta ni kinyume chake. Bidhaa zikiuzwa kwa thamani zake, karakana ingepata kiwango kikubwa cha faida kuliko kiwanda, na mtaji ungehamia huko. Marx alilijua hilo. Katika juzuu ya tatu alisema ushindani husawazisha viwango vya faida, na bei hugeuka kuwa gharama pamoja na faida ya wastani. Lakini hesabu yake iligeuza thamani kuwa bei kwa bidhaa zinazotoka, bila kufanya hivyo kwa malighafi zinazoingia. Ladislaus von Bortkiewicz alijaribu kuirekebisha mwaka 1907, na mwaka 1960 Piero Sraffa alionyesha kwamba bei hizo zinaweza kukokotolewa kutoka kwa mbinu za uzalishaji na mshahara bila kupitia thamani. Wanamarx wamejibu kwa njia kadhaa, na hawajaafikiana.

Mwaka 1961 mwanauchumi Nobuo Okishio alifungua mjadala mwingine, na sweta zetu zinausaidia. Mashine mpya zilipoenea, ziada ilibaki Sh 500 lakini gharama zilifika Sh 3,420, hivyo kiwango cha faida kilishuka kutoka asilimia 25 hadi karibu 15. Marx aliuona mwelekeo huu kuwa sheria ya ubepari. Okishio alionyesha kwamba mshahara ukibaki sawa kwa kipimo cha vitu unavyonunua, mbinu inayopunguza gharama haishushi kiwango cha jumla cha faida. Katika hesabu yetu mshahara ulibaki Sh 700 huku sweta ikiwa rahisi zaidi. Bidhaa nyingine zikishuka hivyo hivyo na mshahara ukafuata hadi Sh 500, ziada ni Sh 700 na kiwango ni asilimia 22. Ukishuka hadi Sh 400, kiwango ni asilimia 26, juu ya pale tulipoanzia.