Navigesheni ya bei poa: anayeisifia na anayeitukana wote wanasema kweli

Kazi yangu ni umeme wa magari hapa Arusha: redio, kamera za nyuma, alamu, na zile navigesheni za Kichina za inchi saba zinazogandishwa kwenye kioo cha mbele. Boksi ni lilelile, plastiki ni ileile, lakini dereva wa utalii ataniapia kwamba haendi porini bila yake, na mwenye IST ananiuliza kama namjua mtu wa kumuuzia. Nikizifungua mezani sioni tofauti ya maana. Tofauti naikuta kwenye ramani iliyomo ndani na kwenye namna kifaa kilivyofungwa garini.

Kwanza niwatoe hofu, au niwavunje moyo, wanaodhani wamenunua traka, yaani kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Hiki kifaa kinapokea tu. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo, na kifaa kikizisikia walau nne kinapiga hesabu ya kilipo. Hakina laini, hakili bando, hakitumi chochote kwa mtu yeyote. Gari likiibwa, nacho kimeibwa. Mitambo ambayo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, inatumia kufuatilia mabasi ni kitu kingine, ile ina laini ya simu ndani.

Sasa ramani, maana ndiko ugomvi mwingi unakoanzia. Nyingi ya hizi zinaendeshwa na Windows CE, mfumo wa zamani wa Microsoft wa vifaa vidogo, na zinakuja na ramani za Ulaya. Muuzaji anaongeza folda ya Afrika aliyoinakili kwa mwenzake, naye mwenzake alinakili kwa mwingine, miaka hiyo. Matokeo yake Sokoine ipo, barabara ya Moshi ipo, ya Namanga ipo, ila ukiingia barabara ya mchepuko inayouzunguka mji, mshale unaelea kwenye eneo tupu huku sauti inakusihi ugeuze gari. Ukomo wa mwendo unaouona kwenye skrini umetoka kwenye ramani hiyohiyo. Kikikuandikia 80 mahali penye kibao cha 50, trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hatakiuliza kifaa chako.

Halafu kuna suala la majina. Sisi tunaelekezana kwa Kwa Mrombo, Kwa Mrefu, Sanawari, Philips. Kifaa kinataka jina la mtaa na namba ya nyumba, kama kilivyozoeshwa na waliokitengeneza. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilituletea vibao na namba, lakini taarifa hizo ziko kwenye mfumo wa serikali wa NaPA. Ramani iliyonakiliwa zamani haizijui. Kwa hiyo mama wa Njiro anayeandika anwani yake kama ilivyo getini, akaambiwa haipo, ana kila sababu ya kukasirika.

Dereva wa utalii haandiki anwani. Akifika kambini mara ya kwanza anahifadhi nukta, akirudi tena anaifuata. Ukishapita lango la Naabi kuingia Serengeti, kuna maeneo makubwa ambayo simu haishiki mtandao, na simu isiyopakuliwa ramani mapema inakuonyesha kioo cha kijivu. Kile kifaa kilichoshindwa kuipata nyumba Njiro kinakuwa mali huko. (Wenye uwezo zaidi wananunua navigesheni ya Garmin na kuiwekea Tracks4Africa, ramani za Afrika Kusini zilizojengwa kwa njia walizopita wasafiri wenyewe. Sina ubishi nao, ila hiyo si bei tunayoizungumzia.)

Nikiulizwa kuhusu kubadilisha ramani, inawezekana. Programu ya Navit inakubali kwenye Windows CE na inasoma ramani za OpenStreetMap, ambazo hazilipiwi na watu wanaziongezea barabara kila siku. Unaiweka kwenye memori kadi, kisha kwenye mipangilio unakionyesha kifaa faili la kufungua. Kama mshale hausogei baada ya hapo, angalia namba ya lango la GPS (COM) na kasi yake ya kupitisha taarifa (baud), maana programu mpya haijui zile za mwanzo. Inataka uvumilivu. Kwa mtu wa mjini tu, nasema wazi: pakua ramani kwenye simu, nunua kishikio, hela inayobaki weka mafuta.

Upande wa kufunga, kosa kubwa ni waya. Chaja ya kifaa hiki ina pini moja iliyounganishwa kwa ndani ili kifaa kijue kinapewa umeme tu. Ukichomeka waya wa kawaida wa kompyuta, vingi vinafunga ramani na kusubiri kuhamishiwa mafaili. Mwenye gari anasema kimekufa, kumbe kizima. Wenye Fuso na malori mengine ya volti 24 wasome chaja kabla ya kuchomeka: kama haijaandikwa 12–24, inaungua, na ukiwa na bahati mbaya inaondoka na kifaa.

Usikibandike karibu na kamera ya dashibodi ya bei rahisi. Nyingi zinavuja mawimbi yanayofunika ishara ya setilaiti, ambayo ikifika chini ni dhaifu mno. Tinti yenye chembe za chuma nayo inazuia. Jua ni adui mwingine: betri ya ndani inavimba ukikiacha kioo cha mbele mchana kutwa.

Kile cha zamani kinachoonyesha tarehe ya ajabu hakijalogwa. GPS ya mwanzo inahesabu wiki hadi 1,024 halafu inaanza sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Mahali kitakuonyesha sawa, tarehe ndiyo itakuwa ya zamani.

Ukienda kununua, usikijaribu ndani ya duka chini ya bati. Toka nje penye anga wazi, kiache kimetulia, gari lisitembee. Kifaa kilichozimwa kwa muda mrefu au kilichotoka mbali kinaanza upya kutafuta setilaiti, na kusoma ratiba yao yote kunachukua dakika 12 na nusu hata mambo yakienda vizuri. Wakati unasubiri, tafuta Ngaramtoni na Usa River, kisha vuta ramani uone kama barabara ya mchepuko imechorwa. Isipokuwepo, mwombe muuzaji apunguze bei au aweke ramani nyingine ukiwa hapohapo, kabla hujatoa hela.