Uniti 50 za Dubai

Mama mmoja wa Mikocheni aliingia kliniki akiwa na simu mkononi, na hata kabla hajakaa akanionyesha picha. "Dokta, ushahidi huu hapa. Dubai walinichoma botoksi ya mikunjo ya uso, uniti 50. Wewe unaniambia 20, na bei ni ileile. Mbona unanipunja?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hakuwa na sababu ya kucheka. Mtu anayenunua mchele anajua kilo 50 si kilo 20. Nikamwomba aikuze ile picha tusome kichupa kilichokuwa kwenye kisahani nyuma ya bega la nesi. Nusu ya maandishi ilifichwa na glavu, lakini herufi za mwisho zilisomeka: -sport. Dysport. Kichupa nilichomwandalia mimi kilikuwa cha Botox.

Swali lake naulizwa karibu kila wiki kwa sura tofauti, kwa hiyo nimeona niliandikie hapa, nipumzike kulieleza kwa kuchora kwenye karatasi za dawa.

Hapa mjini kila sindano ya kulegeza mikunjo ni botoksi, kama kila nepi ya dukani ilivyo pampasi. Lakini Botox ni bidhaa ya Allergan peke yake, kampuni ambayo tangu 2020 iko chini ya AbbVie ya Marekani. Dysport ni ya Ipsen ya Ufaransa, na upande wa urembo inauzwa na Galderma. Xeomin ni ya Merz, kampuni ya Frankfurt, Ujerumani. Korea Kusini wameleta Jeuveau, ambayo kwao huitwa Nabota, na Letybo. Halafu ipo Daxxify ya Marekani, iliyopata kibali huko Septemba 2022. Zote sita ni kitu cha ukoo mmoja: sumu ya botulinamu aina A. Ndiyo, sumu, ileile inayoua mtu aliyekula nyama ya kopo iliyoharibika. Hata jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la soseji, maana Ujerumani ya miaka ya 1820 soseji zilikuwa zikiua watu na daktari mmoja, Justinus Kerner, akakaa chini kuchunguza kwa nini. Kiasi tunachodunga usoni ni kidogo mno hata hakionekani kwa macho; ule unga mweupe unaouona chini ya kichupa, pale unapoonekana, karibu wote ni chumvi au sukari na protini ya kuishikilia dawa.

Kunja uso kama mtu aliyesikia nauli ya daladala imepanda. Mistari miwili iliyosimama kati ya nyusi zako ndiyo ndita. Inatengenezwa na msuli mmoja kila upande unaovuta nyusi kuelekea puani, na mwingine wa katikati unaozishusha. Msuli hukaza pale neva inapomwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya botulinamu huingia kwenye ncha ya neva na kuikata protini moja, SNAP-25, ambayo bila hiyo kemikali haitoki. Neva inaamuru, msuli hausikii. Baada ya miezi 3 au 4 neva hujirekebisha, na ndita hurudi.

Hii si ganzi. Mbu akitua kwenye paji lako utamsikia vizuri. Wala dawa hii haijazi mahali palipobonyea. Kazi ya kujaza ni ya sindano nyingine kabisa, na ukimsikia mtu anasema amechomwa botoksi midomo ikavimba vizuri, ujue alichomwa ile nyingine.

Sasa uniti. Kwa asili yake, uniti moja ni kiasi kinachoua nusu ya panya waliodungwa tumboni maabara. Kila kiwanda kilipima kwa panya wake na kwa maji yake ya kuchanganyia, na hakuna aliyewahi kuwalazimisha wakae meza moja wakubaliane. Siku hizi baadhi yao wanapima kwa seli badala ya panya, lakini namba za zamani zimebaki. Kwa hiyo uniti ni kama fungu la nyanya. Fungu la Kariakoo na fungu la Masaki yote ni fungu, na hakuna mama wa nyumbani atakayekubali kwamba ni kitu kimoja.

Kwa ndita za katikati, maelekezo ya Botox ni uniti 20: pointi 5, kila moja uniti 4. Dysport ni 50: pointi zilezile 5, kila moja uniti 10. Xeomin, Jeuveau na Letybo nazo ni 20. Daxxify ni 40. Yule mama hakupunjwa Dubai wala Dar. Aliuziwa dozi ileile kwa mizani mbili.

Ukigawa 50 kwa 20 unapata 2.5, na wapo wenzangu wanaoitumia hesabu hiyo kama kiwango cha duka la kubadilishia fedha. Mimi siitaki. Watengenezaji wenyewe wameandika kwenye karatasi za dawa zao kwamba uniti za huyu hazibadilishwi na za yule. Nikihama dawa, naanza upya na dozi ya dawa hiyo. Simtafsirii mtu.

Basi tofauti ya kweli iko wapi? Kwa matokeo ya ndita, baada ya wiki 2, ukinipangia nyuso 20 sitaweza kukuambia nani alichomwa nini. Dysport huanza mapema kidogo, wengine wanaona siku ya 2 au ya 3, wakati Botox wengi huiona siku ya 3 hadi ya 5. Anayetaka kuwahi harusi hulipenda hilo. Inasemwa pia kwamba Dysport husambaa zaidi chini ya ngozi. Kwa mikono yangu, kusambaa kunategemea maji uliyoitia na kina cha sindano kuliko jina la kwenye boksi. Jambo zito zaidi ni kwamba Dysport ina laktosi na inaweza kubeba chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe. Mwenye mzio wa protini hiyo haipaswi kumgusa kabisa. (Anayesumbuliwa na tumbo tu akinywa maziwa ni habari nyingine, ndiyo maana nauliza mara mbili.)

Xeomin imesafishwa protini za ziada zinazoizunguka sumu. Hoja yao ni kwamba mwili una vitu vichache vya kuvitengenezea kingamwili, hivyo dawa haitaacha kufanya kazi baadaye. Ni hoja yenye mantiki, ila kwa dozi ndogo za usoni usugu huo ni nadra kwa dawa zote. Wanaojihatarisha zaidi ni wale wanaorudi kila mwezi kuongezewa.

Lakini kilichonifanya niipende Xeomin mwanzoni ni friji. Botox na Dysport zinataka nyuzi 2 hadi 8. Xeomin isiyofunguliwa inaweza kukaa joto la chumbani. Nikasema alhamdulillahi, TANESCO wakate wanavyotaka. Kisha nikasoma karatasi kwa utulivu: joto la chumbani maana yake lisizidi nyuzi 25. Hicho ni chumba cha Frankfurt. Chumba changu mwezi Februari, kiyoyozi kikizimwa, hakishuki hapo hata saa nane usiku. Xeomin yangu iko kwenye friji pamoja na wenzake, na friji ina kipimajoto chenye kumbukumbu na betri ya akiba.

Daxxify ndiyo inayoulizwa sana na wanaofuatilia habari za nje, kwa sababu kwenye majaribio nusu ya watu walikaa karibu miezi 6 kabla ndita hazijarudi. Haina protini ya binadamu ndani yake. Inashikiliwa na kipande cha protini kilichotengenezwa maabara. Sijawahi kuitumia. Hata nikiipata, sitampa mtu anayechomwa kwa mara ya kwanza. Mtu huyo hajajua kama atapenda uso usiokunja. Acheze kwanza na miezi 3.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye boksi lolote, nacho ni maji. Dawa inakuja kavu, na daktari ndiye anayetia maji ya chumvi ya hospitali. Kichupa cha Botox cha uniti 100 nikikitia mililita 2.5, kila sehemu moja ya kumi ya mililita ina uniti 4. Nikitia mililita 5, bomba lilelile, likionekana limejaa vilevile, lina uniti 2. Mteja hawezi kuona. Mama wa Mikocheni alikuwa anahofia kupunjwa kwenye namba, kumbe mahali pa kupunjwa ni hapa. Na karatasi ya dawa inasema ikishatiwa maji itumike ndani ya saa 24. Ndiyo maana nanunua vichupa vya uniti 50 kila vinapopatikana, na mabaki nayamwaga. Inauma, kwa bei ile inauma sana. Ila ukisikia mahali wana "siku ya botoksi" kila mwisho wa mwezi kwa bei ya kutupa, uliza kichupa kimefunguliwa lini.

Na uliza kama ni chenyewe. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari kuhusu Botox bandia, baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua na baadhi yao kulazwa. Kama imepenya huko, haishindwi kupenya kwenye begi la mkononi la mtu anayetoka safari. Dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa, ina boksi, namba ya toleo na mwisho wa matumizi, na daktari asiyetaka uvione hivyo ana sababu zake.

Niseme na la kwangu. Miaka ya mwanzo, dada mmoja alikuja siku 6 kabla ya kitchen party yake. Nilisomea ngozi Moshi, pale KCMC, na nilitoka na ukoma, upele na ngozi za ndugu zetu wenye ualbino kichwani. Ndita nilijifunza baadaye, ukubwani, na ukubwani mtu ana haraka. Pointi ya juu ya nyusi ya kushoto niliichoma chini kuliko inavyotakiwa, karibu mno na ukingo wa mfupa wa jicho. Siku ya 5 akanitumia picha. Kope la kushoto limeshuka nusu, kama mtu anayesinzia kwa jicho moja. Dawa ilikuwa imeteremka hadi kwenye msuli unaoinua kope. Hakuna dawa ya kuiondoa. Nilimpa matone ya macho yanayolinyanyua kope milimita 1 hivi kwa saa chache, nikampigia simu kila siku, na kwenye sherehe aliingia na miwani myeusi ikadhaniwa ni mtindo. Kope lilirudi baada ya wiki 5. Siku hizi mwenye shughuli namtaka aje wiki 4 kabla, wiki 2 kabla nikilazimishwa sana, na namweleza habari ya kope kabla ya kufungua kichupa.

Mjamzito na anayenyonyesha simchomi. Wala mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka, myasthenia, au aliye kwenye dozi ya gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Hapo jina la dawa halibadilishi kitu.

Na wapo ninaowarudisha nyumbani na miwani ya jua na losheni ya kukinga jua tu. Ngozi nyeusi huchelewa kupata mikunjo midogo ya jua. Wengi wanaokuja na umri wa miaka 30 wakisema wamezeeka, nikiwaangalia naona madoa ya chunusi. Botulinamu haiondoi doa.

Turudi kwa mama yetu. Nilimwekea vichupa viwili mezani, Botox na Dysport, nikamwambia achague, bei haitabadilika. Akavigeuza, akasoma lebo bila haraka, akachagua Botox, "maana nimeshachoka kubishana na wewe." Pointi 5, dakika 4, hakukunja uso kwa maumivu, ila alikunja aliposoma risiti.

Wiki 2 baadaye akarudi kuangaliwa. Nikamwambia anikasirikie. Akajaribu. Nyusi zilitikisika kidogo tu. Akaomba kioo, akajaribu tena mbele yake, akatulia. Kisha akasema shoga zake wamemwambia uniti 20 ni za kitoto, na yeye amewajibu kwamba wao hawajui mizani.

Tangu siku hiyo kila mteja wangu anatoka na kadi ndogo: jina la dawa, namba ya toleo, maji niliyotia, uniti kwa kila pointi, tarehe. Ya kwake anaiweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho cha NIDA. Mwezi uliopita alinitumia picha kutoka Dubai, akiwa kwenye kiti cha kliniki, ameishika kadi mbele ya daktari wa kule. Chini ameandika: "Namuuliza ametia maji kiasi gani."