Blanketi halina joto lake

Wengi tumekua tukiamini kwamba blanketi hutoa joto. Muulize mtoto wa miaka minne barafu iliyofunikwa itakuwaje, atakwambia itayeyuka upesi. Usibishane naye, mpe ajaribu.

Weka barafu kiasi sawa kwenye vikopo viwili vyenye mifuniko (vipande vitupu mtoto atavitia mdomoni, na vinaweza kumkaba). Kimoja kiache mezani, kingine kitie ndani ya soksi nene ya sufi iliyo kavu. Baada ya nusu saa hivi mwache avitikise. Cha mezani kitakuwa na maji mengi. Cha kwenye soksi bado kitagonga kokoko.

Sufi haizalishi joto. Hewa iliyonaswa kwenye nyuzi zake huchelewesha joto kupita: usiku lisitoke mwilini haraka, na hapa lisiingie haraka kwenye barafu. Mwaka 1833 mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alipeleka Calcutta, India, tani 180 hivi za barafu zilizokingwa kwa vumbi la mbao. Safari ilichukua miezi minne, na zikafika kama tani 100.

Soksi ikilowa, jaribio huharibika, maana maji hupitisha joto kuliko hewa.