Hela ya TASAF siyo ya kulala tu

Hii stori ya kwamba walengwa wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, wanakula hela ya bure ndo imewafanya wavivu iko siku nyingi sana, hapa Dodoma utaisikia kwenye daladala, kwenye kahawa, kila mahali, sasa tuongee taratibu. Mpango wao wa kunusuru kaya maskini una sehemu inaitwa ajira za muda, yaani kaya yenye mtu mzima mwenye nguvu anaingia kazini, hadi siku 60 kwa mwaka, na analipwa ujira wa kutwa. Kazi zenyewe ni kuchimba lambo, kulima barabara ya kijiji, kupanda miti, mama na jembe lake, karai kichwani, udongo unapandishwa kwenye tuta (na jua la Chamwino mnalijua wenyewe). Zinapangwa zaidi miezi ambayo shambani hakuna kitu.

Mzee, mjamzito, mwenye ulemavu usiomruhusu, hao hawalazimishwi, na ni sawa kabisa. Halafu kuna ruzuku ya masharti: mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80, wadogo wapelekwe kliniki, usipotimiza wanakata hela.